Bei kwanza, kamba baadaye: barua ya wazi kwa wenye magari ya kuhamisha vyombo Dar es Salaam

Kwenu wenye kampuni za kuhamisha vyombo, wenye kenta na fuso zinazoshinda kandokando ya barabara zikisubiri mteja, madalali mnaotutafutia magari, na ninyi vijana wa kupakia na kushusha,

Nawaandikia nikiwa mpangaji, na katika jiji hili mpangaji ndiye mteja wenu wa kudumu. Kodi tunailipa kwa miezi sita au kwa mwaka, mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha bei, au anasema mwanawe anaoa na chumba kinahitajika, nasi tunatafuta namba zenu. Wengine wamejenga Chanika, Madale au Kibada, na siku ya kuhamia kwao wanawapigia ninyi. Watumishi wa umma walioifuata Serikali Dodoma kuanzia mwaka 2016, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kukaa miongo minne kwenye makaratasi, nao waliwapigia ninyi. Kazi mnayo na haitaisha.

Siandiki kulalamika kwamba ni ghali. Bei ghali nikiijua mapema nitaikubali au nitamtafuta mwingine. Ninaandika kuhusu bei inayozaliwa njiani.

Inazaliwa hivi. Mteja anapiga simu. Kutoka wapi kwenda wapi? Tabata kwenda Goba. Vitu gani? Vya kawaida tu, vyumba viwili na sebule. Laki na nusu, bosi. Punguza kidogo. Haya, lete laki moja na arobaini. Simu inakatwa, kila mmoja ameridhika, na hakuna aliyeuliza kama kuna ngazi, kama kabati la nguo linapita mlangoni likiwa zima, wala kama huko Goba gari linafika hadi mlangoni au linaishia kwenye korongo. Jumamosi inafika. Gari la saa moja asubuhi linaingia saa nne. Dereva anashuka, anatazama vyombo vilivyopangwa barazani, anakuna kichwa, kisha anasema maneno ambayo kila mpangaji wa Dar anayajua: laki moja na arobaini ilikuwa ya gari, vijana wako pembeni.

Vijana wako pembeni! Ningependa siku moja mmoja wenu aniambie ni nani kati yetu anayekodi kenta kwa ajili ya kuitazama. Mtu akiwaambia anahama, maana yake ni vyombo vitoke ndani ya nyumba moja viingie ndani ya nyumba nyingine. Wabebaji hawawezi kuwa huduma ya ziada katika kazi ambayo yenyewe ni kubeba. Lakini huyo wa pembeni ni wa kwanza tu. Nyuma yake wako wengine: kufungua kitanda na kukifunga upya, ghorofa ya tatu isiyo na lifti, friji la milango miwili, foleni ya Mandela, tozo ya Daraja la Kigamboni kwa anayevuka kwenda upande wa pili, hela ya maji, na mwishoni kabisa, gari limeshasimama na jua limezama, ile ya gari haliingii.

Gari haliingii ni jambo la kweli, na hapa niko upande wenu. Nusu ya mitaa tunayoishi ilijengwa kabla ya barabara zake. Mvua za masika zikianza, kuanzia Machi hadi Mei, njia iliyopitika mwezi uliopita inakuwa mfereji, na fuso ikinasa hapo hasara ni yenu. Ila mtaa haukuota jana. Swali moja kwenye simu, kwamba gari linafika mlangoni au linaishia wapi, lingetosha. Jibu likiwa mita mia mbili za kichochoro, basi mseme mapema kwamba kutahitajika guta au mkokoteni, na kiasi gani. Mteja akiambiwa Jumatano anajipanga. Akiambiwa Jumamosi usiku, vyombo vikiwa vimefungwa kamba juu ya gari, huyo hapatani tena na ninyi. Anatekwa.

Jirani yangu mmoja alihama na watoto wake wawili mwezi wa Novemba. Walipofika, dereva alizima injini, akakaa kwenye bampa la mbele na kuwasha sigara. Akasema kwa utulivu, bila hata kumtazama, kwamba mama hapa ni mbali kuliko ulivyosema, ongeza themanini, la sivyo tunarudi na mzigo. Ilikuwa saa moja na nusu usiku na manyunyu yalikuwa yameanza. Godoro la sita kwa sita lilikuwa juu kabisa ya kila kitu, bila turubai. Kijana mmoja nyuma alikuwa ameukumbatia mtungi wa gesi kati ya magoti yake, na mwingine alikuwa ameshalala juu ya makochi. Funguo za nyumba ya zamani jirani yangu alikuwa amekwisha kuzikabidhi, hana pa kurudi. Aliwatazama watoto, akatoa simu, akatuma themanini. Godoro lilikaushwa juani kwa siku kadhaa na bado linanuka.

Nataka muuone ujanja ulivyo, kwa sababu wengi wenu mnaufanya bila kuupa jina. Kabla ya kupakia, nguvu ziko kwa mteja: akikataa bei yenu, kuna kenta nyingine kijiweni. Chombo cha kwanza kikipanda tu, nguvu zinahamia kwenu. Kila bei inayotajwa baada ya hapo inatajwa kwa mtu asiye na uchaguzi. Haijalishi kama ni halali au si halali, kama ni elfu tano au themanini, inanuka vilevile.

Na sheria ililiona hilo zamani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 15, inahesabu kuizuia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuizuia, kwa nia ya kumfanya aingie kwenye makubaliano, kuwa ni kumshurutisha. Aliyekubali kwa kushurutishwa anaweza kuyakataa makubaliano hayo. Kushikilia makochi kwa sababu mteja hajalipa bei mliyopatana ni jambo moja, na huenda mkawa na haki. Kuyashikilia kwa ajili ya bei iliyobuniwa kwenye bampa ni jambo jingine kabisa. Mtaniuliza ni nani atakayekwenda mahakamani kwa elfu themanini. Hakuna. Ndiyo maana huwa ni themanini, na huwa haifiki laki nane.

Marekani, ambako Waswahili si wachache wanaohama jimbo hadi jimbo wakifuata kazi, ujanja huohuo umewekewa kanuni. Kwa vyombo vya nyumbani vinavyovuka mpaka wa jimbo, kampuni inatakiwa itoe makadirio kwa maandishi. Kama bei imefungwa, ni hiyo. Kama ni makadirio tu, basi siku ya kushusha, kwa kazi ileile iliyokadiriwa, hawawezi kumdai mteja zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo wamwachie mali yake. Kilichozidi wanakidai baadaye, baada ya siku 30, vyombo vikiwa tayari sebuleni kwa mwenyewe. Matapeli hawajaisha huko, na kila mwaka watu wanalia. Lakini yule mwenye vyombo anajua mstari uko wapi, na dereva naye anaujua. Kwetu hata mstari wenyewe haujachorwa. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA na konda akizidisha abiria wote wanamzomea. Bei ya kuhamisha kabati hakuna anayeipanga, na sidhani kama inaweza kupangwa, kwa sababu hakuna kuhama kuwili kunakofanana.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na halihitaji kusubiri kanuni ya mtu yeyote. Karatasi moja, kabla ya kamba. Iandikwe kwa mkono kama hamna mashine, au itumwe kama ujumbe wa simu, mradi pande zote mbili ziwe nayo. Iseme bei yote kwa jumla, vijana wakiwemo, na idadi yao. Iseme ngazi za huku na za kule, umbali wa kutoka gari linaposimama hadi mlangoni, nani anafungua vitanda na nani anavifunga, tozo na maegesho viko kwa nani. Iseme gari ni la aina gani, la wazi au la boksi, na kama ni la wazi kuna turubai au hakuna. Iseme gari likichelewa inakuwaje, na mteja akichelewesha inakuwaje. Chini yake orodha ya vyombo vikubwa. Haizidi ukurasa.

Orodha hiyo haiwezi kuandikwa kwa simu ya sekunde arobaini. Njooni mwone nyumba. Kama ni mbali, mpigieni mteja simu ya video, azunguke chumba hadi chumba, afungue stoo, atoke na uani. Dakika kumi zinatosha. Nimeona kampuni chache zinazofanya hivyo na bei yao huwa juu kidogo ya wengine. Huwa wanashusha, wanalipwa, wanaondoka, na hakuna jirani anayechungulia dirishani kuona ugomvi.

Mtafaidika ninyi pia, kwa maana najua wateja wenu tulivyo. Tunasema vitu vichache, kumbe kuna friza la biashara ya barafu, jenereta, mbao za ujenzi zilizobaki, mapipa matatu, na ndoo za maua ambazo mama mwenye nyumba hataki hata moja iachwe. Kuku wamo kwenye tenga. Gari linafika linatukuta bado tunafungasha, au mwenye nyumba amefunga geti kwa sababu ya deni la maji, na vijana wenu wanakaa kivulini saa tatu bila kulipwa. Hakuna anayewapa pole. Karatasi ikiwepo, mnaonyesha kwa kidole: friza halikuandikwa, mapipa hayakuandikwa, tupatane sasa kabla hatujapakia. Hapo mteja hana la kusema, na asipotaka, kila mtu anaondoka na chake.

Kuna jambo la vyombo kuvunjika, na hili linaumiza kuliko pesa. Mmezoea kutuambia kwamba gari lina bima. Lina bima ndiyo, na stika yake tunaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Lakini bima ndogo inamlipa mtu wa nje atakayegongwa, na bima kubwa inaongeza gari lenyewe. Kabati la vyombo la marehemu bibi yangu halimo katika hizo mbili. Mzigo una bima yake ya safarini, na wenye nayo kati yenu ni wa kuhesabika. Msipokuwa nayo semeni hamna, kisha tupatane mapema kikivunjika kitu nani analipa nini. Hata huko Marekani, mteja anayeikataa fidia kamili kwa maandishi ili asiilipie hubaki na ile ya bure, ambayo ni senti 60 kwa ratili moja ya uzito. Televisheni ya ratili 40 ikipasuka kioo, anapewa dola 24. Wengi hugundua hivyo kioo kikiwa kimeshapasuka. Nasi tusigunduane namna hiyo.

Mengi ya kuvunjika, hata hivyo, hayahitaji bima bali kijana aliyefundishwa. Friji linasafiri likiwa limesimama. Likilazwa, oili ya kompresa inatambaa hadi kwenye mabomba, na mwenye nyumba mpya akiliwasha papo hapo, kwa furaha ya kuhamia, anaweza kuiua kompresa siku hiyohiyo. Ikibidi kulazwa, mwambieni alisimamishe na kulisubiri saa kadhaa kabla ya kuchomeka waya. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina bolti maalumu za kulibana pipa lake wakati wa safari, ambazo fundi alizitoa siku ya kwanza na kuziweka kwenye droo. Ulizeni ziko wapi. Televisheni bapa isilazwe chini ya godoro, hata kama godoro ni laini. Mtungi wa gesi ufungwe, regyuleta itolewe, usimame wima mahali penye hewa. Haya yote mnayajua. Ninachouliza ni kama yule kijana mliyemchukua kijiweni asubuhi ile ili kujaza idadi naye anayajua.

Kwa madalali nina neno la peke yake. Mteja anapoona picha za malori meupe yenye nembo na vijana wenye fulana zinazofanana, halafu siku ya siku inakuja kenta yenye mlango uliofungwa kwa waya, ameuziwa kitu kingine. Udalali si dhambi, tunauhitaji, kwa sababu si kila mtu anajua wapi pa kupata gari zuri. Lakini semeni kwamba ninyi ni madalali. Mtutumie namba ya gari na jina la dereva siku moja kabla. Na ile advansi msiiombe kwa namba ya mtu binafsi wakati mmejitangaza kama kampuni. Kampuni iliyosajiliwa BRELA inaweza kuwa na Lipa Namba yenye jina lake, na risiti ya EFD inatolewa bila mteja kuiomba mara tatu. Nimekuwa nikiwaambia wenzangu hivi: jina linalotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza namba ya siri lisipofanana na jina lililoandikwa kwenye tangazo, usibonyeze.

Wenzangu hao huwa wananiuliza mengine pia, na majibu yangu nitayasema hapa hadharani ili yasiwe fitina. Nawaambia waombe kuona leseni ya LATRA ya kubeba mizigo, kwa kuwa gari la biashara linatakiwa kuwa nayo, na dereva asiye nayo ataichelewesha safari yao kwenye kila kituo cha trafiki. Nawaambia wachukue barua ya serikali ya mtaa wanaotoka, maana askari wa doria akikutana na kenta yenye makochi na friji saa nne usiku, swali lake la kwanza litakuwa mali ya nani. Nawaambia wapige picha kila chombo kikubwa kabla hakijatoka ndani, hati na dhahabu na kompyuta wabebe wenyewe, na wasilipe zaidi ya nusu kabla ya kushusha. Anayekwenda Dodoma namwambia aulize kama gari ni lake peke yake au ni mzigo wa kuchanganya, kwa sababu zile kilomita zipatazo 450 zinaweza kuwa safari ya siku moja, au siku tatu kama fuso inasubiri ijae. Fuso hiyo itapita mizani, Vigwaza na kwingineko, na ikiwa imezidisha uzito, faini na kuchelewa ni vya mwenye gari. Visije vikaandikwa upya kama gharama ya mteja huko Dodoma.

Nawaambia pia wasiwachukue watu wa bei ya chini kuliko wote. Hili najua mtalipenda. Anayetaja elfu sabini kwa kazi ya laki na nusu ameshapanga mahali atakapoipata ile themanini nyingine, na mahali hapo ni pale pale kwenye bampa.

LATRA na Tume ya Ushindani nawapa nakala ya barua hii. Sitaki wapange bei. Ningefurahi wakitoa mfano wa ile karatasi, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uwekwe kwenye ofisi za serikali za mitaa pale tunapofuata barua za kuhama. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kumpa mpangaji vyote viwili kwa wakati mmoja. Na Tume, ambayo kazi yake kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni pamoja na kumlinda mlaji, itamke tu wazi kwamba kuzuia vyombo vya mtu ili kuongeza bei iliyopatanwa haikubaliki, na itaje namba ya kupiga. Anayekaa kwenye bampa akijua kwamba mama yule ana namba ya kupiga, ataivuta sigara yake upesi zaidi.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Ni sebule, vyumba viwili, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba yenye kona. Kitanda cha mninga cha sita kwa sita lazima kifunguliwe. Friji la mlango mmoja, jiko la gesi la plate nne, meza ya kioo, vitabu vingi kuliko mnavyodhani, na kabati moja la zamani ambalo sitaki likwaruzwe hata kidogo. Ninakokwenda ni Kinyerezi. Gari linafika hadi mita thelathini kutoka mlangoni, zaidi ya hapo kuna mtaro. Wa kwanza kunitumia karatasi yenye bei ya hayo yote, vijana wakiwa ndani, nitamjibu siku hiyohiyo.

Wenu,
Mpangaji, Tabata

Nakala:
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)
Tume ya Ushindani (FCC)